Maneno ya shangazi hayakuwamo kwenye ukurasa wangu

Shangazi alinipigia saa kumi na moja alfajiri, na kabla sijamaliza kumwamkia alikuwa ameshaanza kuhesabu kuku waliokufa. Matetea wanne. Lile jogoo jekundu. Vifaranga wote wa kishingo. Tangu juzi walikuwa wamejikunyata pembeni ya banda, manyoya yametimka, kinyesi cha kijani, na wawili shingo zimepinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni.

"Niliangalia kwenye simu," akasema. "Wakasema niwawekee antibiotiki kwenye maji siku tano. Leo ya tatu, mwanangu, na wanazidi kufa."

Mfugaji yeyote anayesoma hapa ameshajua. Mdondo. Wengine tunauita kideri, na kwa Kiingereza ni Newcastle. Ni virusi, hauna dawa, na antibiotiki haiugusi. Kinachookoa ni chanjo, tena kabla ugonjwa haujaingia bandani: tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu.

Yote hayo nilikuwa nimeyaandika. Humu humu, mwaka 2021, makala ndefu yenye picha nilizopiga mwenyewe, kidole gumba changu chenye plasta kimeshika kichwa cha tetea ili jicho libaki wazi.

Shangazi anajua nina blogu. Lakini usiku wa shida mtu hakumbuki blogu ya mtoto wa kaka yake. Anaandika shida yake kwenye kile kisanduku cha kutafutia, anabofya kilicho juu.

Kilichokuwa juu hakikuwa changu.

## Ukurasa wa tano

Nilimwomba anitumie picha ya skrini. Alikuwa ameandika hivi, bila nukta wala mkato: *kuku wanapinda shingo wanaharisha kijani dawa*.

Nikaandika maneno yale yale. Tokeo la kwanza lilikuwa tovuti iliyojaa matangazo ambayo ilitaja dalili sawasawa kabisa, kisha ikashusha dozi ya antibiotiki kwa lita ya maji. La pili lilikuwa limetafsiriwa na mashine na hakuna binadamu aliyelipitia. Ugonjwa wa Newcastle waliuita "ugonjwa wa Ngome Mpya". La tatu lilinifanya niweke simu mezani. Ilikuwa makala yangu. Sentensi zangu, aya zangu, kidole gumba changu na plasta yake, jina la mtu mwingine.

Ya kwangu yenyewe niliikuta ukurasa wa tano wa matokeo.

Hasira ya kuibiwa ilipoa baada ya siku mbili tatu. Kilichobaki, na hakikuniacha kwa wiki nyingi, ni swali jingine. Aliyewapanga kwa foleni ile ni nani, na aliona nini kwao ambacho hakukiona kwangu?

Wengi tunajibu haraka: wamelipa. Nami nilikuwa naamini hivyo. Lakini waliolipa wanakaa juu wakiwa na alama ya tangazo, na wale watatu hawakuwa nayo. Kununua matangazo hakukupandishi kwenye matokeo ya kawaida. Ilibidi nitafute sababu kwingine, na sababu ya kwanza nilikuwa nayo mwenyewe.

## Neno adimu lina uzito

Mwaka 1972 mtafiti wa Kiingereza, Karen Spärck Jones, alichapisha wazo ambalo bado limo ndani ya mitambo ya kutafutia mtandaoni, kama Google. Neno linalopatikana kwenye kila karatasi halisaidii kutofautisha karatasi. Neno linalopatikana kwenye chache lina uzito mkubwa.

Chukua sentensi ya shangazi. "Kuku" liko kwenye maelfu ya kurasa, kuanzia za mapishi hadi za mikopo ya ufugaji. "Dawa" vivyo hivyo. Yanayobeba mzigo ni "shingo", "wanapinda" na "kijani". Ukurasa wenye hayo matatu pamoja ni nadra, kwa hiyo mtambo unauinua.

Makala yangu iliitwa "Umuhimu wa Chanjo katika Ufugaji Endelevu wa Kuku wa Asili".

Niliisoma upya, kalamu mkononi. "Shingo" halikuwamo hata mara moja. Nilikuwa nimeandika "dalili za mfumo wa fahamu". Mahali pa kinyesi cha kijani niliandika "mabadiliko ya choo". Nilikuwa nimeandika kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, wakati anayenihitaji amesimama bandani na tochi ya simu, anaandika anachokiona.

Kuna ugumu mwingine ambao lugha yetu inaubeba, nao ni utamu wake. Tunasema anapinda, wamepinda, imepinda, kupinda, inampinda. Kwetu ni neno moja lililovaa nguo tofauti. Kwa mtambo unaolinganisha herufi ni maneno matano. Mitambo ya sasa imesogea mbele. Mwaka 2019 Google walianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaolisoma neno pamoja na majirani zake ili kupata maana. Lakini mfumo wa namna hiyo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache mno ukiyaweka kando ya Kiingereza. Anayejua kidogo hukosea zaidi. Na ugonjwa wenye majina matatu, mdondo, kideri na Newcastle, unahitaji mtu wa kuuambia mtambo kwamba yote matatu ni kitu kimoja.

Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

## Shahidi wangu pekee

Maneno hayakutosha kueleza kila kitu, maana yule aliyeniibia alikuwa na maneno yale yale niliyokuwa nayo mimi, na bado alinipita.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walieleza mtambo waliokuwa wameujenga, Google, wenye kurasa milioni 24 hivi. Mitambo ya siku zile ilitegemea sana maneno, na watu walishajua kuidanganya: unarudia neno mara mia chini ya ukurasa kwa rangi ile ile ya mandhari, msomaji halioni, mtambo unalihesabu. Wale vijana wakaazima desturi ya wanazuoni. Makala inayotajwa na makala nyingine nyingi, huenda ina kitu. Basi nao wakahesabu viungo, yale maneno ya kubofya yanayokutoa ukurasa mmoja kukupeleka mwingine.

Ila hawakuhesabu vichwa tu. Unapotafuta fundi wa kukujengea, neno la mzee aliyesimamia nyumba tatu haliwi sawa na la mpita njia. Na mzee yule yule akikutajia mafundi arobaini kwa mkupuo, uzito wa neno lake umeshagawanyika mara arobaini. Ndivyo walivyofanya: kiungo kinapimwa kwa cheo cha ukurasa unaokitoa, na kugawanywa kwa idadi ya viungo vilivyomo.

Walieleza pia kwa mfano wa mzururaji. Mtu yuko kwenye ukurasa fulani, anabofya kiungo chochote anachokiona, anafika kwingine, anabofya tena. Mara 85 kati ya 100 anafuata kiungo. Zile 15 anachoka na kurukia ukurasa wowote ule, bila mpango. Mwache azurure bila mwisho, kisha tazama ni wapi amekanyaga mara nyingi zaidi. Huko ndiko kwenye cheo.

Nikafungua Google Search Console, ambako mwenye tovuti anaweza kuona mtambo unamwonaje. Nikaenda sehemu ya viungo vinavyotoka nje kuja kwenye ile makala.

Kilikuwa kimoja.

Nilikifuata nione ni nani. Nikatua kwenye ile nakala ya wizi. Ndani ya aya ya nne nilikuwa nimeunganisha neno "kuatamia" na makala yangu nyingine, kisha mwishoni nikaweka kiungo cha kumrudisha msomaji juu ya makala ile ile. Yule mtu alinakili vyote pamoja na viungo vyake. Katika mtandao mzima, aliyenitolea ushahidi alikuwa mwizi wangu, naye hakujua.

Ukiondoa kiungo hicho cha mwizi, mzururaji wa akina Page angefika kwangu kwa zile 15 tu, za kubahatisha.

## Tulikohamia

Lakini makala ile ilisomwa! Hilo ndilo lililonichanganya. Mwaka ule watu walinipigia kutoka Dodoma, Shinyanga, hata Kakamega. Mmoja aliniambia ameipata kwenye makundi matatu tofauti kwa wiki moja.

Makundi. WhatsApp.

Niliingia kwenye simu nikaitafuta. Niliiona imebandikwa kama maandishi matupu, bila anwani, na juu yake "imesambazwa mara nyingi". Katika kundi letu la wafugaji la hapa Morogoro ilipita mara mbili. Wote wale waliosema "soma hii, imenisaidia" walisema ndani ya nyumba ambayo roboti za mtambo wa kutafuta hazina mlango wa kuingilia. Na ni vizuri kwamba hazina. Mazungumzo ya watu ni ya watu. Ila ushahidi wao haukuandikwa popote panapohesabika.

Katika kupekua huko nilikutana na sauti ya bwana mifugo mmoja, ya dakika nne na sekunde kumi. Anaeleza namna ya kubeba chupa ya chanjo, ile inayostahimili joto, kwenye basi bila barafu: kitambaa chenye unyevu, kikapu, kivuli, na saa za kusafiri. Nyuma yake jogoo anawika. Sijapata kusoma maelezo bora kuliko yale, kwa Kiswahili wala Kiingereza. Waliomjibu waliweka mikono ya shukrani kumi na miwili. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024. Yale maarifa yalifika hapo, yakaishia hapo, na kila mwenye simu iliyojaa akayafuta.

Sipendi kusema tumekosea. Bando la WhatsApp ni rahisi, kundi lina watu unaowajua, na anayekujibu unaweza kumuuliza tena. Mama yangu mdogo hatafungua tovuti kwa hiari yake hata siku moja, na sababu zake ni nzuri. Hata hivyo shangazi, usiku ule, hakuwa na kundi. Alikuwa na kisanduku cha kutafutia, na ndani yake hapakuwa na sauti ya yule bwana.

## Kuku walifia nje ya skrini

Kuna jambo ambalo bado linaninyima usingizi.

Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyosikilizwa Washington mwaka 2023, mmoja wa wakuu wa kitengo cha utafutaji, Pandu Nayak, alieleza mahakamani kuhusu mfumo uitwao Navboost. Mfumo huo hukumbuka watu waliotafuta jambo fulani walibofya wapi, kwa miezi 13 ya nyuma. Kwa miaka mingi watu walibishana kama mibofyo inahesabika. Inahesabika. (Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria katika kulinda ukiritimba wake wa utafutaji, lakini hilo lina makala yake.)

Sasa fikiria alichokifanya shangazi. Alitafuta. Akabofya cha kwanza. Akasoma mpaka mwisho, polepole, maana alikuwa ananakili dozi kwenye daftari. Akafunga simu akaenda dukani. Hakurudi kutafuta tena.

Ukimtazama kwa macho ya mtambo, huyo ni mtu aliyepata alichokitaka. Hakuna dalili nyingine yoyote inayoweza kuufikia. Siku ya tatu, ya nne, kuku walipokuwa wanazikwa nyuma ya choo, hakuna aliyerudi kuandika kwamba jibu lile lilikuwa la uongo. Wanaoumizwa na jibu baya hawarudi kulibofya kwa hasira. Wananyamaza, na ukimya wao unafanana na kuridhika.

Na upande wa pili kuna wale waliokata tamaa mapema. Najua wasomi wengi wenzangu ambao wakitaka jibu la maana wanaandika Kiingereza moja kwa moja. Mimi pia. Kila tunapofanya hivyo, mibofyo yetu, ambayo ingeweza kusema "ukurasa huu wa Kiswahili ni mzuri, ule ni takataka", inaenda kuimarisha Kiingereza. Wanaobaki kutafuta kwa Kiswahili ni wale wasio na njia nyingine, na ndio wanaopewa mabaki.

Nilijiuliza ninamlaumu nani hapa. Kwa kweli sijui kama kuna wa kumlaumu mmoja. Waliojenga mtambo walijua hatari zake. Page na Brin wenyewe, katika andiko lile la 1998, walionya kwamba injini ya utafutaji inayoishi kwa matangazo itaelemea kwa watangazaji na kuwaacha watafutaji. Miaka miwili baadaye kampuni yao ilianza kuuza matangazo.

## Viungo mia tano

Nilipoanza kuulizia habari hizi, kijana mmoja alinitumia ujumbe. Viungo 500 kwa shilingi elfu hamsini, ndani ya wiki utakuwa ukurasa wa kwanza.

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Sitaficha kwamba nilifikiria kulipa. Nilijiambia: kuku wanakufa, na aliye juu anadanganya. Kama ushahidi wa kununua utamfikisha mtu kwenye chanjo, kosa liko wapi?

Nikamwomba anionyeshe mfano wa tovuti ambazo viungo vingetoka. Akatuma nne. Mbili za kamari, moja ya mikopo ya haraka, moja ya dawa za mapenzi, na chini ya kila moja msururu wa majina ya tovuti zisizohusiana hata kidogo. Google walishaanza kuwaporomosha wanunuzi wa viungo vya namna hii tangu Aprili 2012, kwa mabadiliko waliyoyaita Penguin, kwa hiyo hata kwa hesabu ya faida ilikuwa fedha ya kutupa. Lakini kilichonizuia hasa ni kuzitazama zile kurasa. Ningemsimamisha shahidi ambaye hajawahi kuona kuku, aseme kwamba ananijua.

Sikumjibu tena.

## Jumapili moja

Nilichofanya badala yake kilinichukua Jumapili nzima, na hakikuwa cha kunifurahisha mwanzoni. Nilipitia makala zangu zote, moja moja, nikihesabu ni wapi nilimwelekeza msomaji kwa mtu mwingine.

Hakuna.

Njia ya kuzalisha funza wa kulisha vifaranga nilijifunza kwa mama mmoja wa Kagera mwenye blogu ndogo, nikaiandika kana kwamba niliota. Ratiba ya chanjo niliitoa kwenye kipeperushi nilichopewa viwanja vya Nane Nane. Vipimo vya banda nilisaidiwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, hapa hapa mjini, ambaye aliweka maelezo yake mtandaoni bure. Nilinung'unika wiki nzima kwamba hakuna anayenitaja, nami sikuwa nimemtaja mtu yeyote kwa miaka mitano.

Nikaanza kuweka viungo. Kwa mama wa Kagera, vinne. Kwa yule mwanafunzi, viwili. Nikawaandikia kuwashukuru na kuwaomba radhi. Mama wa Kagera alijibu usiku ule ule kwamba alikuwa amefikiria kuifunga blogu yake.

Ile makala nikaibadilisha kichwa: "Kuku anapinda shingo na kuharisha kijani: ni mdondo (kideri, Newcastle), na antibiotiki haiutibu". Aya ya kwanza sasa inaanza bandani. Picha zilikuwa nzito, kwenye simu ya shangazi zilichukua karibu dakika kufunguka, nikazipunguza. Kuhusu ile nakala, nimejaza fomu ya kuomba iondolewe kwenye matokeo. Mpaka naandika haya, bado ipo.

Yule bwana mifugo nilimwomba ruhusa ya kuiandika sauti yake. Akacheka, akauliza nani atasoma, kisha akakubali kwa sharti kwamba niongeze jambo moja alilolisahau: chupa ikishafunguliwa isilale, itumike siku hiyo hiyo. Nimeliongeza. Ukurasa uko hewani, kwa jina lake.

Ukitafuta kwa maneno yale ya shangazi, makala ya mdondo imetoka ukurasa wa tano ikafika wa pili. Tovuti ya dozi bado iko juu.

Wiki iliyopita shangazi alinunua matetea sita kwa jirani. Wanne wamechanjwa, wawili muuzaji hana uhakika. Alinipigia, safari hii saa mbili usiku, sauti imetulia.

"Sasa nataka kuangalia kitu kwenye simu," akasema. "Niandikeje ili nipate cha kweli?"

Nikamwambia asubiri nichukue kalamu, kisha aniambie swali lenyewe kama linavyomjia.

*Kuku waliochanjwa wanaweza kulala banda moja na wasiochanjwa*, akasema.

Nimeliandika hivyo hivyo, juu kabisa ya ukurasa mpya. Kesho asubuhi naenda SUA kuuliza jibu.